Kusafisha na kung'arisha fanicha za mbao nyumbani: anza kwa kujua kilichopakwa juu yake

Ukiweka kiganja juu ya meza ya mbao, mara nyingi huigusi mbao yenyewe. Unagusa tabaka jembamba lililopakwa juu yake: vanishi, laka, shelaki, nta au mafuta yaliyokauka. Tabaka hilo ndilo linalokaa vumbi, ndilo linalochubuka, ndilo linaloota duara jeupe glasi ya maji baridi ikisahaulika juu ya meza usiku kucha. Kwa hiyo unapoifuta meza, unalisafisha tabaka hilo.

Nalisema hili mapema kwa sababu fanicha nyingi nzuri nilizoziona zimeharibika hazikuharibiwa na uchafu. Ziliharibiwa na watu waliozipenda, wakapaka kitu kisichopatana na kile kilichokuwa juu ya mbao. Ukishajua kilichopakwa, kazi iliyobaki ni nyepesi na haihitaji vitu vingi: vitambaa vya pamba, maji kidogo, sabuni, tapentaini, na kopo la nta.

Kabla ya kuingia kwenye kazi, tuondoe jambo moja njiani. Watu husema mbao "hunywa" mafuta, na kwamba usipoipa itapasuka kwa kiu. Si hivyo. Mti ukishakatwa na mbao ikakauka, hakuna kinacholishwa tena. Mbao hupasuka kwa sababu ya unyevu wa hewa: hewa ikikauka mbao husinyaa, hewa ikiwa na unyevu mbao hutanuka, na hufanya hivyo kwa upana wake, karibu isiguse kabisa urefu. Ndiyo maana droo hukwama msimu wa mvua na kulegea kiangazi. Polishi haizuii hali hiyo. Mafuta ya kupikia ndiyo kabisa: hayakauki, hubaki yakinata, hunasa vumbi, na baada ya muda huanza kunuka.

Jaribio la kwanza: kuna nini juu ya mbao?

Chagua mahali pasipoonekana, kama upande wa ndani wa mguu, chini ya ukingo wa meza au nyuma ya kabati. Pafute vumbi kwanza, kisha fuata mpangilio huu, kutoka kilicho laini kwenda kilicho kikali.

1. Dondosha tone moja la maji, subiri dakika tano. Likizama na kuacha doa jeusi-jeusi, mbao iko wazi, au imepakwa mafuta tu, au nta yake imeisha. Likibaki limejikusanya juu kama shanga, kuna tabaka gumu linaloizuia.

2. Kwaruza kidogo kwa ukucha. Kama kuna kitu laini kinachokusanyika chini ya ukucha, hiyo ni nta, au ni uchafu uliochanganyika na polishi za zamani. Kitambaa chenye tapentaini kidogo kitaitoa, na hakitaidhuru vanishi iliyokauka vizuri.

3. Chovya pamba kwenye spiriti, igusishe mahali palepale kwa nusu dakika. Ikianza kunata na kuchukua rangi ya kahawia au ya asali, hiyo ni shelaki. Shelaki hutengenezwa kwa utomvu unaotolewa na mdudu mdogo wa lac, hasa nchini India na Thailand, na spiriti ndiyo inayoiyeyusha. Fanicha nyingi za zamani zenye mng'ao wa ndani, ule unaoonekana kama una kina, zimepakwa hiyo.

4. Spiriti ikishindwa, jaribu tone la thina. Laka italainika na kunata. Vanishi ya mafuta na poliyurethani (vanishi ngumu ya aina ya plastiki) zinaweza kujikunja kidogo au zisibadilike, lakini haziyeyuki zikawa majimaji.

Fanicha nyingi za siku hizi hazipiti hata moja kati ya hizi kwa sababu juu yake pana karatasi au plastiki iliyochapwa sura ya mbao, imegandishwa kwenye MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Utaitambua ukingoni: mistari ya mbao inakatika ghafla, au mchoro uleule unajirudia mlango hadi mlango. Hiyo ifute kwa kitambaa chenye unyevu, ikaushe, basi. Usiipake nta, na msasa usiukaribishe kabisa.

Andika matokeo mahali. Kipande cha karatasi kilichogandishwa chini ya meza, kimeandikwa "shelaki, usiweke spiriti", kitamsaidia atakayeisafisha baada yako.

Vumbi

Vumbi lina chembe ngumu za mchanga. Ukilisugua kavu, ni kama unapitisha msasa mwembamba sana kila siku, na baada ya miaka miwili uso wa meza unakuwa na ukungu usiojua umetoka wapi. Mifagio ya manyoya huliinua vumbi likatua tena palepale, na unyoya uliovunjika hukwaruza.

Chukua kitambaa cha pamba kilichochakaa, shuka kuukuu linafaa kuliko kitambaa kipya. Kilowanishe, kikamue mpaka kiwe na ubaridi tu mkononi, bila maji. Kikunje mara mbili, uwe na robo. Kila upande ukichafuka, geuza. Kitambaa kimoja kinakupa nyuso nane safi kabla hujakisuuza. Futa ukifuata uzi wa mbao, yaani mwelekeo wa mistari yake, kutoka juu kwenda chini, na usibonyeze. Vijiti vya migongo ya viti na michongo vifutie brashi laini ya kupakia rangi.

Uchafu uliokaa

Hapa ndipo pana kazi. Mikono, moshi wa jikoni na polishi za miaka huungana zikawa gamba la kahawia, hasa kwenye mikono ya viti, karibu na vishikizo vya droo, na ukingo wa meza pale watu wanapoegemea.

Anza na sabuni. Kijiko kidogo cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu kinatosha. Usitumie sabuni ya unga wala dawa ya kuondoa madoa ya nguo. Andaa vitambaa vitatu: cha sabuni, cha maji safi, na kikavu. Fanya eneo la ukubwa wa gazeti lililofunguliwa, si zaidi. Pitisha cha sabuni kilichokamuliwa sana, kisha cha maji safi, kisha kausha papo hapo, halafu ndiyo uende eneo linalofuata. Maji yasikae juu ya mbao hata dakika moja, na yasiingie kwenye maungio, kwa sababu gundi nyingi za zamani hulegea zikilowa. Kwenye vinia uwe mwangalifu mara mbili: ile ni mbao nyembamba sana, imegandishwa juu ya nyingine, na maji yakiingia ukingoni huinuka.

Kama fanicha imepakwa shelaki, au nta tupu, ruka sabuni. Shelaki huchukia maji yanayokaa na huchukia zaidi sabuni zenye magadi.

Sabuni ikiondoa sehemu tu ya uchafu, hamia kwenye tapentaini. Hii inayeyusha kile ambacho maji hayawezi: nta kuukuu, mafuta, moshi. Fungua madirisha, zima kila moto, vaa glovu. Lowanisha kitambaa, si fanicha. Sugua kwa mizunguko midogo, na mara tu kitambaa kikigeuka kahawia, geuza upande. Kosa kubwa hapa ni kuendelea na upande uleule mchafu. Hapo unakuwa hutoi uchafu, unautandaza.

Niliwahi kusafisha kabati la mkangazi lililokuwa limepakwa mafuta ya kupikia kila mwisho wa juma kwa miaka mingi. Lilikuwa jeusi, na ukiligusa vidole vilinata, vikitoka na sauti ndogo kama ya gundi ya karatasi. Mlango mmoja ulinichukua asubuhi nzima. Uso mpana ulitoka haraka kwa tapentaini, lakini kwenye pembe za fremu gamba lilikuwa limejaza mfereji mpaka ukawa tambarare. Nilichonga njiti ya mbao ikawa bapa nchani, nikaizungushia pamba kidogo, nikaichovya, nikaipitisha polepole kwenye mfereji. Pamba ya kwanza ilitoka nyeusi tii. Ya sita ilitoka rangi ya chai. Ya kumi ilitoka karibu nyeupe, na kwenye mfereji ulionekana mstari mwembamba mwekundu wa mbao ambao pengine haukuwa umeonekana tangu lipakwe mara ya kwanza. Usitumie kisu wala bisibisi kwenye kazi ya namna hii. Mbao ya njiti ni laini kuliko vanishi, chuma si laini.

Ukimaliza, acha fanicha siku nzima ipumue kabla ya kuipaka chochote.

Vishikizo vya shaba ving'oe kabla ya kuving'arisha. Dawa ya shaba ina unga wa kusugulia na mara nyingi amonia, huacha weupe kwenye nyufa za mbao na kula vanishi inayokizunguka kishikizo. Weka parafujo za kila kishikizo kwenye bahasha yake; matundu ya zamani hayalingani kama unavyodhani.

Kung'arisha kwa nta

Vitu vinavyouzwa kwa jina la polishi haviko sawa. Vile vya kupuliza, vyenye silikoni, vinang'aa papo hapo na vinavutia. Ubaya wake utauona siku unapotaka kupaka vanishi upya: silikoni iliyobaki hufanya vanishi mpya ijikusanye na kuacha vishimo vya duara kama macho ya samaki, na kuiondoa ni kazi ngumu. Vile vya majimaji vya mafuta hung'aa kwa siku mbili, kisha hukusanya vumbi. Mimi huchagua nta ya kopo, ile ngumu kama kiwi ya viatu. Ikishakauka ni kavu, haishiki vumbi, na ukiichoka unaiondoa kwa tapentaini bila kudhuru kilicho chini.

Unaweza kuitengeneza nyumbani. Gramu 100 za nta ya nyuki, na mililita 300 hadi 400 za tapentaini. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, kwa hiyo maji ya moto yanatosha: ikate vipande, iweke kwenye bakuli la chuma juu ya sufuria ya maji ya moto, isubiri iwe majimaji. Sasa sikiliza vizuri. Mvuke wa tapentaini hushika moto kwenye joto la kama nyuzi 35 tu, chini ya joto la mwili wako. Kwa hiyo zima jiko kabisa, toa bakuli, lipeleke nje au chumba kingine kisicho na moto, ndipo umimine tapentaini kidogo kidogo huku ukikoroga. Kamwe usiipashe tapentaini motoni, na usirudishe bakuli jikoni ikiganda mapema. Liweke ndani ya beseni la maji ya moto, mbali na jiko. Mimina kwenye kopo lenye mfuniko. Kesho yake itakuwa laini kama siagi.

Ukitaka mng'ao mgumu zaidi kwa meza inayotumika sana, toa gramu 15 za nta ya nyuki uweke gramu 15 za karnauba. Hiyo ni nta inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili, na ni ngumu kuliko ya nyuki. Huyeyuka juu ya nyuzi 80, kwa hiyo iyeyushe karnauba kwanza kisha uongeze ya nyuki.

Kupaka ni hivi:

1. Weka nta kiasi cha punje ya harage katikati ya kitambaa cha pamba, kikunje juu yake ukifanye kifundo. Nta itapenya kitambaani kidogo kidogo, nawe hutaweza kupaka nyingi hata ukitaka.

2. Pitisha kwa mizunguko eneo dogo, kisha malizia kwa mikono mirefu kufuata uzi wa mbao. Usoni ubaki ukungu tu. Ukiona michirizi minene, umepaka kupita kiasi.

3. Subiri dakika 10 hadi 20, mpaka ukungu uwe kavu na kidole kikipita kiache alama isiyonata.

4. Chukua kitambaa kingine, safi na kikavu kabisa, ufute kwa nguvu na haraka. Hapa ndipo mng'ao unapotoka. Badilisha upande kila mara.

5. Ngoja mpaka kesho, gusa. Kidole kikiacha alama ya mafuta, bado kuna nta ya ziada. Sugua tena kwa kitambaa kikavu, au pitisha kitambaa chenye tapentaini kidogo sana kisha ufute.

Mara moja au mbili kwa mwaka inatosha kwa fanicha nyingi. Kati ya hapo, mng'ao ukififia, kitambaa kikavu peke yake kinaurudisha, kwa sababu nta bado ipo, imechoka tu juu.

Fanicha iliyopakwa mafuta

Meza ambayo tone la maji lilizama inaweza kuwa ya mafuta. Hii haihitaji nta kwanza, inahitaji mafuta yanayokauka: ya kitani, ambayo mafundi wengi huyaita linisidi, au ya mti wa tungi. Nunua ya kitani yaliyoandikwa kuwa yamechemshwa. Mabichi yanaweza kuchukua wiki kukauka. Mbao iwe safi na kavu. Paka kwa kitambaa, acha dakika 15 hadi 20, kisha futa yote yaliyobaki juu mpaka uso uonekane kama hujapaka kitu. Mafuta yanayoachwa juu hugeuka utando unaonata, na hapo kazi ni kuukwangua. Acha usiku mmoja kabla ya kurudia.

Vitambaa ulivyotumia visikunjwe wala kutupwa kwenye pipa la taka. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa hulizuia joto hilo ndani mpaka kinawaka chenyewe, bila kibiriti, pengine saa kadhaa baada ya wewe kulala. Vitandaze kimoja kimoja nje mpaka vikakamae, au vitie ndani ya ndoo ya chuma yenye maji. Naomba usilichukue hili kama tahadhari ya kuandikwa tu kwenye kopo. Nyumba zimeungua kwa njia hii.

Mbao zenye mafuta yake zenyewe, kama msaji, hukataa kukausha vitu vinavyopakwa juu. Zifute kwa kitambaa chenye thina kidogo muda mfupi kabla ya kupaka.

Madoa na majeraha

Duara jeupe ni unyevu ulionaswa ndani ya tabaka la juu. Mbao chini yake ni nzima, na hiyo ni habari njema. Ongeza ukali hatua kwa hatua. Kwanza liache siku mbili. Mengine huondoka yenyewe. Kisha jaribu joto dogo: tandika kitambaa cha pamba kikavu, pitisha pasi isiyo na mvuke kwa joto la chini kabisa, sekunde tano kwa wakati, ukiinua na kutazama. Bado lipo? Changanya majivu yaliyochekechwa na matone ya mafuta, sugua kwa kidole kilichofunikwa kitambaa, kwa upole, ukifuata uzi. Majivu ni msasa laini sana, yanaondoa kiasi kidogo tu cha uso. Kama ni shelaki, kitambaa kilichonusishwa spiriti, kikikaribia kuwa kikavu, kinaweza kulifuta duara kwa kupita mara moja haraka. Usisimame. Ukisimama, kitambaa kitagandia.

Duara jeusi ni jambo lingine. Maji yamepita tabaka la juu, yakafika kwenye mbao, na chuma kilichokuwa kwenye maji au chini ya chombo kimekutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo ndani ya mbao, na kuigeuza nyeusi, kama wino. Haliondoki kwa kusugua juu. Lazima tabaka la juu litolewe, kisha mbao ioshwe kwa asidi ya oksali iliyoyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu, ioshwe tena kwa maji safi mara kadhaa, na ikauke kabisa. Asidi hiyo ni sumu: glovu, miwani, watoto mbali, na usipige msasa mbao ambayo haijaoshwa vizuri, maana vumbi lake huunguza koo. Ukiwa hujawahi, mpe fundi.

Tone la mshumaa: weka barafu ndani ya mfuko wa plastiki juu yake, ngoja ligande, lisukume kwa kadi ya plastiki. Mabaki yatoke kwa tapentaini.

Mkwaruzo unaoonekana mweupe mara nyingi uko kwenye vanishi tu. Nta yenye rangi inayokaribia mbao huuficha vizuri. Chagua rangi iliyokolea kidogo kuliko mbao. Rangi hafifu huonekana zaidi kuliko mkwaruzo wenyewe.

Mbonyeo, kitu kizito kilipoanguka, huweza kuinuka kama mbao iko wazi au imepakwa mafuta. Nyuzi zimelala, hazijakatika. Dondosha maji, ngoja dakika kumi, funika kwa kitambaa chenye unyevu, gusa kwa ncha ya pasi moto. Mvuke unazinyanyua nyuzi. Rudia mara tatu au nne. Kwenye vanishi usijaribu, mvuke utaota weupe. Na kama nyuzi zimekatika, mvuke hausaidii kitu.

Ukiona matundu madogo ya duara na unga laini kama unga wa mahindi sakafuni chini yake, kuna wadudu hai ndani. Usipake nta juu. Itenge fanicha hiyo kwanza na itibiwe.

Inapobidi kupaka upya

Vanishi inayobanduka vipande, au inayogeuka unga ukiifuta, haisafishiki. Itoe yote. Kwa rangi na vanishi za zamani sana usipige msasa mkavu ndani ya nyumba, kwa sababu rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni hatari hasa kwa watoto wadogo.

Mbao ikiwa wazi, piga msasa namba 120, kisha 180, kisha 220, kila mara kufuata uzi. Usiruke namba: mikwaruzo ya 120 haiondoki kwa 220, inasubiri tu vanishi ije iionyeshe. Vinia ipige kwa mkono, kwa 180 au 220 tu. Mashine huitoboa kabla hujazima swichi. Futa vumbi kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, ambacho pia kitakuonyesha mikwaruzo iliyobaki.

Tabaka la kwanza la vanishi ya mafuta lipunguze kwa tapentaini, sehemu moja ya tapentaini kwa kumi za vanishi. Chovya theluthi ya nywele za brashi, paka mkono mmoja mrefu kufuata uzi, usirudi nyuma mara vanishi ikianza kushika. Subiri saa 24, pitisha msasa 320 kwa wepesi mpaka uso uwe kama chaki, futa, paka tena. Matabaka matatu membamba yanashinda mawili manene, ambayo hukunjamana juu huku chini yakiwa mabichi. Usifanye kazi hii juani wala siku ya upepo wa vumbi.

Ikishakauka kuguswa, bado haijakomaa. Vanishi ya mafuta huchukua wiki kadhaa kufikia ugumu wake. Kwa mwezi wa kwanza usitandike kitambaa cha plastiki juu yake, usiweke vitu vizito, na nta isubiri mpaka mwezi uishe. Ukitaka kujua kama imekomaa, bonyeza ukucha mahali pasipoonekana kisha utazame kwa taa ya pembeni. Alama ikibaki, ipe wiki nyingine.

Wakati inakomaa, shughulikia miguu. Ipindue fanicha juu ya blanketi, gandisha vipande vya sufi nene chini ya kila mguu, na ukiwa hapo paka mshumaa kwenye reli za droo zinazokwama. Irudishe mahali ambapo jua la dirishani haliipigi moja kwa moja, kwa sababu jua hubadilisha rangi ya mbao hata chini ya vanishi nzuri, na ukiweka kitu juu kwa miezi utakuta umbo lake limechorwa. Vitu vilivyo juu ya meza visogeze kila juma unapofuta vumbi.